Mate ya Mzee Tajeu

Mzee Tajeu hakuwa mchoyo wa mate, ambayo kwa Wamaasai ni baraka. Ndama akizaliwa, alimtemea. Mgeni akiaga, alitemewa kiganjani. Na bintiye Nailantei, kila alipofunga sanduku kurudi shuleni Kajiado, aliinamisha kichwa, naye baba akamnyunyizia utosini na kusema, "Enda, Enkai akuchunge." Msichana alikua akijua kwamba safari bila mate ya mzazi haina mwenyewe.

Mwaka wa tisini na tisa alimleta nyumbani mchumba wake, Mulinge, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Noonkopir. Mzee aliinuka akaacha chai ikipoa.

"Mkamba?" alimuuliza binti, kana kwamba mgeni hayupo. "Olewa ukitaka. Lakini mate yangu hutapata."

Nailantei alikuwa na hasira za ujana. "Basi kaa nayo, Baba."

Wakaoana kwa DC, wakapanga chumba Kitengela. Kwa miaka minne hakukanyaga kwao.

Habari ililetwa na kaka yake, Ledama: mzee alikuwa na saratani ya koo. Alikuwa amepelekwa Nairobi, akachomwa kwa mionzi wiki sita, na sasa amerudi. Nailantei aliondoka siku iyo hiyo.

Alimkuta ameketi kando ya boma, amekonda, midomo imepasuka, chupa ya maji mkononi. Kila maneno mawili alipiga funda ndipo ulimi umwachilie.

"Kuja, mtoto wangu," alisema. "Piga magoti. Kuna kitu nilikunyima."

Akapiga magoti. Juu yake alisikia mashavu yakivutwa, ulimi ukikwaruza kama jani kavu. Akangoja. Hakuna kilichomwangukia.

"Ngoja kidogo." Mzee akajaribu tena. Pumzi tupu.

Mama yake, Nalangu, akaleta maziwa katika kibuyu. "Tumia haya. Hata wazee wengine hutumia."

Mzee akatia funda mdomoni, lakini koo likamsaliti. Alipaliwa, akakohoa hadi maziwa yakamwagika kwenye shuka yake, yamechanganyika na damu. Alipopata pumzi, alikuwa analia, naye Nailantei hakuwahi kumwona babake akilia.

"Daktari hakuniambia mionzi itamaliza mate," alisema. "Angeniambia, ningekuita kwanza."

"Inatosha, Baba. Nimebarikiwa."

"Usinidanganye. Bado niko na akili."

Nailantei alikaa siku tatu akimnywesha uji kwa kijiko. Kila asubuhi mzee alimwita, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akajaribu. Asubuhi ya tatu alimshika tu, muda mrefu, bila kujaribu. Nailantei alirudi kazini Kitengela akiahidi kuja Jumapili. Mzee alikufa Ijumaa.

Siku ya mazishi Mulinge alichimba kaburi pamoja na wanaume wa boma, na hakuna aliyemzuia. Watu walipoanza kutawanyika, Katoo, shangazi yake Nailantei, alimvuta kando.

"Alikutemea?"

Nailantei alifikiria kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Alijaribu," akasema.

Shangazi alimtazama, akamfunga leso vizuri mabegani, wakarudi polepole kwa wenzao. Hakumwambia kama kujaribu kunatosha.