Mkono wa Kushoto wa Nyamizi

Nyamizi anasinzia kitini, mikanda yenye sensa za kupima mwendo ingali imembana viwiko na kiuno, na Masanja, fundi wa michezo ya video, bado anabofya kompyuta. Tangu asubuhi anamchezesha bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, ili watoto waje kuicheza kwa miili yao mbele ya televisheni. Mkono wa kulia mashine imeutambua mara moja. Wa kushoto, ambao kiharusi kiliuacha ukitetemeka na kuchelewa, mashine inauita kosa. Kosa! Tutageuza picha ya wa kulia, mayu, tuibandike kushoto, amesema Masanja, akimwita mama kwa Kisukuma, nani atajua? Nyamizi alinuna tu, na katika kununa kope zikamzidi nguvu.

Barabara inaanzia miguuni pake. Akiinua mguu inajikunja, akiushusha inajikunjua, anatembea na hafiki, anatembea na hafiki, mpaka anatokea mji wa vioo ambamo kila mtu ana mikono miwili ya kulia. Wanarusha majembe sawasawa, hakuna anayechelewa, hakuna anayehema. Ngoma gani hii isiyo na jasho? anafoka. Mtu asiye na uso anamshika bega. Kitendawili, anasema. Tega, anajibu Nyamizi, maana hata ndotoni adabu ni adabu. Ninaye, ila mji mzima haumwoni. Nyamizi anatazama kiooni: bega la kushoto limeishia hewani, mkono haupo, ingawa anausikia ukitetemeka. Jibu analijua, lakini kulitamka ni kukubali kwamba haupo. Umeshindwa, anasema asiye na uso, nipe mkono huo.

Weee! Usinifanye mtoto mdogo. Anayeshindwa kitendawili hutoa mji, hatoi kiungo cha mwili! Mkono huu umelima, umelea, umezika. Unachelewa, ndiyo, ila haujafa. Mji chukua, na vioo vyake vyote, mkono sikupi ng'o!

Ananyakua jembe kwa mkono huohuo. Linapanda polepole, linayumba, uchungu unamchoma mpaka shingoni naye anacheka kwa hasira, na kila linapopita vioo vinakunjamana kama kitenge kilichokamuliwa.

Mayu, sauti inaita, umelala? Nimeshaubandika ule wa kulia, imebaki kuhifadhi tu.

Nyamizi anafumbua macho, au anadhani anafumbua. Aliyeketi kwenye kompyuta amempa kisogo, na Nyamizi hana hakika kama akigeuka atakuwa na uso. Hajali. Futa, anasema, akisimama. Uwe Masanja, uwe jini asiye na uso, nimesema futa. Tunaanza upya, na tunaanza na huu wa kushoto.