Ovaroli ya Zadock

Asubuhi katika hanga la Dala Air, pale uwanja wa ndege wa Kisumu, ilianza kwa birika. Lilikuwa birika la alumini, limebonyea ubavuni, na mafundi walilizunguka kungoja chai ya rangi, kwa sababu maziwa yaliondolewa tangu Pasaka kwa amri ya meneja. Waliaula, fundi wa magurudumu na breki, ndiye aliyekuwa akimimina Jumatatu hiyo ya Desemba, mwaka 1993. Alijaza vikombe vya wote waliokuwepo, akainua macho, akamwona Zadock anaingia kwa mlango wa upande wa ziwa. Akaongeza kikombe kimoja.

Zadock alikuwa amezikwa Jumamosi, kwao Seme. Waliaula mwenyewe alishika kamba moja wakati wa kuteremsha jeneza.

"Umekuja kwa miguu?" akamuuliza.

"Baiskeli walimpa Joram," Zadock akasema. Joram alikuwa mdogo wake.

Vumbi jekundu lilikuwa limempanda mpaka magotini, na kwenye nywele kulikuwa na udongo kidogo. Alishukuru kwa chai lakini hakuinywa. Alichukua spana yake, akaingia chini ya bawa, palepale alipoangukia, akaendelea na ile kazi aliyoiacha. Chai ilipopoa, mtu mwingine akainywa.

Kampuni yenyewe ilikuwa na ndege mbili ndogo za kuleta watu wa Kitale na Migori waje Kisumu wapande ndege kubwa ya Nairobi. Nasema mbili, lakini moja ndiyo iliyokuwa ikiruka. Ya pili ilisimama juu ya mapipa nyuma ya hanga, ikinyofolewa vipuri vya kumtibu mwenzake. Mafundi waliomba sabuni, wakaambiwa suala linashughulikiwa. Waliomba glavu, linashughulikiwa. Zadock, yeye aliomba ovaroli. Ile aliyokuwa akivaa aliirithi kwa fundi mmoja aliyekwenda zake Botswana, na kifuani ilikuwa na jina la huyo mtu, Ogola. Marubani walimwita Ogola. Abiria walimwita Ogola. Naye aliitika, miaka nenda miaka rudi, angefanyaje?

Oktoba kifua kilianza kumbana. Aliomba ofu aende hospitali. Meneja, Bwana Amolo, akamwambia avumilie kidogo, msimu wa Krismasi uko mlangoni, Januari atapumzika vizuri. Basi akavumilia, na mwanzoni mwa Desemba akafia chini ya bawa, spana mkononi. Abiria waliokuwa wakingoja kupanda waliambiwa kuna hitilafu ndogo ya kiufundi. Wenzake walimvuta miguu, wakamlaza kando, na ndege ikaondoka.

Mazishini Bwana Amolo alifika na gari la kampuni, akasema maneno mazuri sana kuhusu mtu asiyekosa kazini hata siku moja. Halafu akatoa zawadi kwenye nailoni: ovaroli mpya, ya bluu, yenye jina la Zadock kwenye kitambaa kilichoshonwa kifuani kwa uzi mweupe. Seline, mke wa Zadock, alikuwa ameshapiga pasi suti ya harusi na kuitundika mlangoni. Lakini wazee wa boma walitazamana, wakasema kampuni ikimheshimu mtu wako namna hii huwezi kuitia aibu mbele ya watu. Suti ikarudishwa sandukuni. Seline akamvisha mumewe ovaroli kwa mikono yake mwenyewe, akamfunga vifungo vyote mpaka shingoni. Hapo ndipo walipokosea. Mtu ukimvisha nguo za kazi, unatarajia aende wapi?

Bwana Amolo aliingia hangani baada ya chai, akaona miguu imejitokeza chini ya ndege, akaitambua.

"Huyu amefika saa ngapi?"

"Saa mbili kasoro," Waliaula akajibu.

"Zamu inaanza saa moja. Ahesabiwe amechelewa."

Hapo ndipo watu waliposhtuka. Kuhusu Zadock kurudi hakuna aliyeshangaa, kila mtu hapo alikuwa na shangazi au babu aliyewahi kurudi kwa jambo fulani. Lakini kuhesabiwa amechelewa! Fundi mmoja aliyeshika kikombe alikiweka chini polepole na hakukimaliza.

Zadock alifanya kazi siku hiyo, na usiku, na siku zilizofuata. Hakula, hakwenda msalani, hakukohoa tena. Ndege ilianza kuondoka kwa wakati. Abiria mmoja wa Migori alipopata habari kwamba breki zimekaguliwa na marehemu, alisema ni afadhali, marehemu hana haraka. Fundi mwingine aliyeahidiwa kuajiriwa hakuajiriwa tena.

Kwa walio hai mambo yaliharibika. Mama yake Waliaula, kule Kimilili, alishikwa na kiharusi, na Waliaula akaenda ofisini kuomba ofu. Bwana Amolo hakumfokea, hakuwa mtu wa kufoka. Alimwelekeza tu kwa kalamu, kupitia dirishani, pale Zadock alipokuwa amelala chali chini ya injini.

"Bwana Waliaula, yule ana sababu kubwa kuliko yako ya kutokuja," akasema. "Na amekuja."

Waliaula akarudi kwenye magurudumu yake. Elsie wa kaunta, aliyekuwa na mimba kubwa, aliacha kuomba kiti. Utani wa asubuhi ukaisha. Waliokuwa wakimpenda Zadock walianza kumchukia, wakijua kabisa kwamba hana hatia, na hilo liliwaumiza zaidi. Jumapili Waliaula alikopa baiskeli akaenda Seme.

Seline alikuwa ameketi nje amevaa koti la mumewe, kama wajane wa huko wavaavyo siku za matanga.

"Mama Benta," Waliaula akasema, "mzee yuko kazini."

"Nilijua kuna mahali ameenda. Kaburi limetitia katikati. Joram anasema ni mvua, lakini mvua gani? Hapo kazini, analala wapi?"

"Halali."

Seline aliweza kuvumilia mume aliyekufa, maana wanaume hufa. Hili la kutolala lilimpiga kifuani, na usiku huo hakulala yeye pia. Kulipokucha aliitoa suti sandukuni, akaitia kwenye mfuko, akaenda Kisumu.

Askari wa lango alimpa pole akampisha. Seline alimkuta Zadock chini ya bawa la kushoto, akachuchumaa.

"Baba Benta."

"Mmh."

"Twende nyumbani."

"Wacha nimalizie hili gurudumu."

Neno hilo Seline alikuwa amelisikia tangu waoane. Alilisikia siku ya ubatizo wa Benta, mtoto wao, alilisikia kila Krismasi akiwa na chakula mezani kinachopoa. Akamshika mkono ili amvute, na mkono ulikuwa baridi, jambo alilolitegemea. Ambalo hakulitegemea ni malengelenge. Kiganja kilikuwa na malengelenge mapya, yamejaa maji, ya wiki hiyohiyo. Mwanamke aliyachungulia moja baada ya jingine. Aliketi juu ya pipa akalia kwa hasira, mbele ya watu wote, bila kujifuta.

Bwana Amolo alikuja mbio kidogo.

"Pole sana, mama. Lakini unaona vile tuko. Watu wa Nairobi wanarudi nyumbani Krismasi, viti vimejaa. Mwache mpaka Januari. Nitamwachilia mimi mwenyewe."

"Hiyo Januari ndiyo ile ulimpa Oktoba?"

"Januari ni moja tu, mama," meneja akasema kwa upole. "Na halafu hiyo ovaroli ni mali ya kampuni. Hawezi tu kuondoka nayo."

"Basi chukua ovaroli yako."

Seline akafungua mfuko, akatoa suti. Zadock alikuwa ametoka chini ya bawa na kusimama. Aliitazama suti, halafu akaweka kiganja kifuani, juu ya jina.

"Wameandika jina langu, Seline."

"Nimeona."

"Sio Ogola."

"Nimeona, Baba Benta."

Rubani alikuwa amevua miwani yake ya jua. Seline alimwomba Elsie wembe, na Elsie akamletea mmoja kutoka kaunta. Akakata kile kitambaa cha jina pamoja na nguo iliyokuwa chini yake, taratibu, asikwaruze uzi hata mmoja, akakitia kwenye mfuko wa kifuani wa suti, pale bwana harusi anapoweka leso. Zadock alichungulia mle mfukoni kuhakikisha. Ndipo akakubali kwenda nyuma ya ndege mbovu kubadilisha nguo.

Waliaula alimfunga tai. Zadock akamkabidhi spana.

"Ile breki ya kushoto haijakaa," akamwambia.

Wakaondoka kwa miguu na Seline, wakashika barabara ya Busia, yeye na koti lake kubwa la kiume, mumewe na suti yake. Kesho yake Joram alikuta kaburi limejaa udongo sawasawa, halina bonde. Ndege ya siku hiyo ilichelewa kuondoka, na meneja aliwaambia abiria kuna hitilafu ndogo ya kiufundi.

Mama yake Waliaula alikufa kabla ya mwaka mpya akazikwa bila mwanawe.

Januari ilipofika, fundi cherehani kutoka Kibuye aliletwa hangani na futi yake ya kupimia. Mafundi walipimwa kifua, kiuno na miguu, wote, hata askari wa lango. Elsie aliambiwa atapimwa akishajifungua. Ovaroli zilikuja baada ya wiki chache, za bluu, kitambaa kizito kizuri, kila moja na jina la mwenyewe. Safari hii jina halikuwa kwenye kitambaa cha kubandika. Lilishonwa kwa cherehani moja kwa moja mgongoni, kutoka bega hadi bega, uzi mara mbili.

"Hizi si za kuvaa hapa," Bwana Amolo akawaeleza, akizigawa kwa mkono wake. "Pelekeni nyumbani. Wapeni mama watoto wawawekee vizuri."

Hakuna aliyeuliza wawawekee mpaka lini. Walipokea kwa mikono miwili, wakashukuru. Waliaula aliomba kwamba ya kwake iongezwe urefu kidogo miguuni.

Mwezi wa pili Seline alikuja Migosi, mtaa wa Kisumu, kufunga chumba alichokuwa amepanga na Zadock. Jentrix, mke wa Waliaula, alikuwa akiishi mlango wa pili. Alimkaribisha uji, wakaongea habari za watoto, halafu Jentrix akapiga magoti akavuta sanduku uvunguni, akatandaza ovaroli juu ya kitanda.

"Imemkaa vizuri sana," akasema. "Jumapili aliivaa akalala nayo hapa, chali, aone kama urefu unatosha. Unatosha kabisa. Na ona, dada, wameandika jina lake."

Seline alipitisha kidole juu ya zile herufi, akaenda nazo bega moja mpaka lingine.

"Jentrix, una wembe?"

"Wembe? Nguo mpya namna hii?"

Jentrix aliikunja taratibu, mikono ndani, akaweka dawa ya nondo katikati, akalirudisha sanduku uvunguni. Seline alimaliza uji wake, akashukuru, akatoka. Uani, kwenye kamba, kulikuwa na ovaroli nyingine ya bluu inayokauka, ile ambayo kampuni ilimpa Waliaula ya kufanyia kazi, yenye tundu la mraba kifuani. Ilibidi ikauke upesi, kwa sababu kesho yake Waliaula alikuwa na zamu ya asubuhi.