Komeo la Nyuma

Mzee yule alinipigia simu akaniomba nikachukue helmeti ya marehemu shemeji yake kabla wiki haijaisha. Bure. Mtu anayetoa bure helmeti ya mzamiaji ama hajui alichonacho, ama anakijua mno, na mimi kwa tamaa zangu nikaamua hajui. Nyumbani ninazo ishirini na saba. Mke wangu husema ukiongeza na changu, tuna vichwa ishirini na nane vya shaba na hakuna hata kimoja chenye akili.

Aliyenifungulia mlango ni dada yake, mjane wa huyo mzamiaji. Alikuwa akiishi kwa kaka yake tangu mumewe afe, miaka thelathini na tisa. Aliniambia waziwazi kwamba helmeti ni yake na ataitoa yeye, kwa sharti moja. Siku mumewe alipozama, kaka yake ndiye aliyemvisha, na kampuni iliandika kwamba kila kitu kilifungwa sawasawa, ila marehemu aliizungusha helmeti akaivua mwenyewe kule chini. Yaani alijiua. Neno lenyewe hakuna aliyelitamka mbele yake, lakini watu walimtazama nalo sokoni, msibani, kila alikokwenda. Alitaka nimwambie kama aliyeivaa anaweza kuivua.

Chumba kilikuwa kidogo, dirisha lake moja limezibwa na kabati. Niliinyanyua ile helmeti nikaiweka mezani. Zile za mapambo ni nyepesi kama sufuria. Hii ilinivuta mabega. Namba 64 shingoni, 64 tena kwenye bamba la mabegani, kwa hiyo vipande viwili havijawahi kutengana. Nikapapasa nyuma, penye komeo dogo linaloangukia kwenye pengo lake ili helmeti isizunguke ikafunguka yenyewe majini. Helmeti iliyofanya kazi huwa imekwanguliwa na komeo hapo, na mikwaruzo hiyo ndiyo ninayoitafuta kwanza. Hapa kwingine kote palikuwa pamelika kwa mikono ya watu, lakini chini ya komeo shaba ilikuwa mpya kabisa. Komeo halikuwahi kufungwa hata siku moja.

Sikumwambia mjane. Niliitaka ile helmeti kuliko nilivyotaka kusema kweli, na naona haya kuandika hivyo. Yule mama aliniuliza mbona kidole kimesimama. Nikamjibu bado naangalia.

Mzee aliingia akiwa na haraka. Akamwambia dada yake akalete chai, nami akaniambia nivae vazi zima la kuzamia, nione kama limekamilika, niende zangu. Ningekataa, lakini katika maisha yangu yote ya kukusanya sikuwahi kuvishwa na mvishaji wa kweli. Akaniingiza kwenye turubai gumu, akanitwika bamba, akakaza nati kumi na mbili kwa spana. Mikono yake ya uzeeni ilijua kazi yenyewe. Akaishusha helmeti, akaizungusha kidogo, akanipiga kofi moja la utosi kuashiria tayari.

Nilingoja mlio wa komeo. Kimya. Kioo cha mbele kilikuwa bado wazi, nikamuuliza kuhusu komeo.

"Lile? Nilikuwa silifungi," alisema, kama anayezungumzia mvua ya jana. "Lilinichelewesha tu. Na shemeji akipanda alitaka hewa upesi."

Kisha akaganda, maana dada yake hakuwa ameenda jikoni. Alikuwa mlangoni.

Yule mama alipita akasimama nyuma yangu. Komeo likaanguka mahali pake, mlio ukanijaa kichwani.

"Jivue," aliniambia.

Nikajaribu. Mikono haikufika kisogoni, turubai liliikamata. Nikaishika helmeti kwa mbele nikaizungusha kwa nguvu zangu zote, haikusogea hata unywele. Nikataka kusimama, uzito ukanirudisha kitini. Pumzi yangu mwenyewe ilikuwa inanirudia usoni, jasho limeniingia machoni, na niliogopa, niliogopa sana, sebuleni kwa watu, mchana kweupe.

"Siwezi, mama."

"Hawezi," alimwambia kaka yake. "Uliandika kwamba ulilifunga."

Mzee alisema karatasi aliikuta imeshaandikwa, watu wa kampuni wakamwambia asaini au aende jela. "Ningekwenda jela, ningekulisha na nini?"

"Umenilisha kweli, kaka. Nimekula chakula chako miaka thelathini na tisa nikimwomba Mungu amsamehe mume wangu."

Mzee akanyoosha mkono anifungue. Mama akamzuia, akavuta kiti akakaa, akamwambia aeleze yote tangu mwanzo. Hakuweza kumtazama dada yake, basi alilieleza dirisha la helmeti niliyovaa. Nilisikiliza kila neno, sina pa kugeuzia uso.

Alipomaliza, mama alikuja mwenyewe akaliinua komeo, akanivua helmeti. Hewa ya chumba kile ilikuwa tamu. Akaniuliza kama nilijua tangu nilipopapasa.

"Nilijua."

"Basi itabaki hapa."

Sikubisha. Nilipoirudisha mezani nilipapasa tena kisogo chake, kwa mazoea tu. Chini ya komeo, kwenye shaba mpya, kulikuwa na mkwaruzo mmoja.