Mdundo wa Siku Aliyoanguka

Wenzake walimwita Radi, maana hakujua kutunga kitu cha kunong'ona. Wimbo wake mpya ulikuwa wa mfalme anayepinduliwa: magitaa ya umeme yakinguruma, ngoma, matarumbeta, kwaya nzima, na safu za fidla zilizojaza ukumbi wa mazoezi hadi mlangoni. Kila walipofika pale kwaya inapoimba "ameanguka", Radi alifumba macho kwa raha. Siku moja hakuyafumba, ndipo akaona mpiga selo ameacha kupiga, upinde kauinua hewani.

Selo ni ile fidla kubwa inayobanwa kwa magoti, na mwanamke huyu aliimudu hasa. Radi akadhani amechoka. Kesho yake akamvizia. Palepale, upinde juu. Kwaya ilipovuka neno lile, akaendelea kama vile hakuna kitu.

Jambo hilo likamkaa Radi rohoni. Nyumbani akamsimulia mkewe.

"Pilipili usiyoila yakuwashia nini?" mkewe akasema, huku akikunja nguo.

"Imo kwenye wimbo wangu, kwa hiyo naila."

"Basi muulize. Lakini uulize kama mtu, si kama polisi."

Wakati wa mapumziko alimkuta mpiga selo kwenye ngazi za nyuma, selo kando yake.

"Dada, nina swali."

"Najua, kaka. Umekuwa ukiniuliza kwa macho tangu juzi."

"Kwa nini unaacha pale?"

Akaupangusa upinde kwa kitambaa kabla ya kujibu. "Baba yangu alikuwa mtawala. Alipinduliwa nikiwa mtoto."

Radi akaketi ngazi ya chini yake. "Wimbo huu si wake. Huyu mfalme nimemtunga tu."

"Ningeona ni wake nisingekuja. Maneno hayanisumbui. Ni zile ngoma. Kwenye wimbo wako zinaomboleza. Siku ile alilia mama peke yake, kajifungia bafuni. Barabarani watu walikuwa wanapiga masufuria, mapipa, chochote kinacholia. Mdundo ulikuwa mtamu, kaka. Mimi nyuma ya pazia nikacheza."

"Ulijua wanashangilia nini?"

"Nilijua. Hapo ndipo penye mwiba. Sijawahi kumwambia mtu, sembuse baba."

"Alikuwa mtawala mbaya?"

"Kwangu alikuwa baba. Ya barabarani waulize waliokuwa barabarani."

Radi akamwomba aupige mdundo ule. Akaupiga kwa vidole mgongoni mwa selo, na mguu wa Radi ukaanza kuitikia bila ruhusa. Alipouliza kama anaweza kuuweka kwenye wimbo, mwanamke akainuka.

"Twende kwa mwenyewe," akasema. "Hajafa."

Mzee aliishi kwa bintiye, chumba cha mbele, redio mezani na dirisha likiangalia karakana ya baiskeli. Radi alikuwa amejiandaa kumwona mtu wa kutisha. Akamkuta babu aliyefunga kifungo cha shati kwenye tundu lisilo lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye makelele?"

"Ndiye mimi."

Binti akaeleza wamefuata nini. Hakuruka kitu: pazia, masufuria, kucheza. Kisha akaupiga mdundo juu ya meza. Mzee akasikiliza kichwa kikiwa upande.

"Unaharakisha," akasema. "Walikwenda taratibu zaidi. Walikuwa na siku nzima."

Akaupiga mwenyewe kwa kiganja. Halafu, bila kumwangalia bintiye, akasema, "Nilikuona. Nilirudi kuchukua koti, pazia likawa linatikisika na miguu miwili chini yake."

"Mbona hukusema, baba?"

"Niseme nini? Ulikuwa huendi nje ya mdundo."

Binti akacheka, kisha machozi yakamtoka, akayafuta kwa ukingo wa khanga. Radi alipoaga, akamkaribisha mzee kwenye onyesho.

"Mdundo huo nilishausikia mara moja," mzee akajibu. "Ulinitosha. Lakini uwekeni."

Mazoezi yaliyofuata, Radi aliziacha fidla ziendelee kuomboleza, ila ngoma akazipa mdundo wa barabarani, taratibu kama alivyoelekezwa. Kwaya ilipoimba "ameanguka", selo haikunyamaza. Iliingia katikati ya ngoma na fidla, ikivuta huku na huku, na kwa mara ya kwanza Radi hakujua mpigaji wake anafikiria nini.

Walipomaliza, mwimbaji mmoja wa sauti nzito akainua mkono. Mabega yake yalikuwa bado yanatikisika, naye alionekana kuyaonea haya.

"Mwalimu, samahani. Hapa tuko msibani au harusini?"

Watu wakacheka. Radi akamwangalia mpiga selo, ambaye tayari alikuwa ameurudisha upinde kwenye nyuzi.

"Hata mimi nataka kujua," Radi akasema. "Tuanze tena toka mwanzo."