Nywele Zisizo na Mizizi

Ukitaka kujua mapema kama mtamba wako, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, atasumbua kwenye uzazi, unapeleka nywele za mkia wake maabara. Wanasoma vinasaba, wanatabiri: huyu ovari zitafanya uvimbe, yule kondo la nyuma litagoma kutoka. Sharti nywele zing'olewe na mizizi, maana vinasaba vimo humo. Nimeng'oa miaka minane, sihitaji kufundishwa na mtu.

Lakini mficha uchi hazai, acha niseme. Tangu mke wangu afariki, nakata kwa mkasi.

Sampuli nzuri hujibiwa na mashine, kwa ujumbe. Sampuli mbovu ndiyo hupigiwa simu na mtaalamu, na mtaalamu ni binti yangu, mtoto wangu wa pekee. Nikimpigia mimi, yuko kwenye mkutano, atanipigia baadaye. Hiyo baadaye naijua.

"Baba, nywele hazina mizizi tena."

"Macho, mwanangu. Uzee huo."

"Umekula lakini?"

"Nimeshiba kabisa," nasema, na jiko halijawashwa tangu jana.

Dakika nne, siku ya bahati sita. Baadaye nacheka peke yangu zizini kama mwendawazimu. Upweke umenishika pabaya, sikatai.

Wiki iliyopita alipiga, sauti imemkauka. "Baba, bosi ameniita. Hakuna shamba linaloharibu sampuli kama letu. Anasema kama nimeshindwa kumfundisha baba yangu mzazi, wafugaji wengine nitawawezaje? Ameniandikia barua ya onyo."

Nilitaka kumwambia ukweli. "Nitajitahidi," nikasema.

Asubuhi nikamfunga mtamba mwekundu, nikazungusha nywele za mkia kidoleni, nikavuta. Ishirini na tano, kila mmoja na kijidoa cheupe mwishoni. Akanipiga teke la paja, na nilistahili. Nikazitia kwenye bahasha, nikaipeleka posta mwenyewe, nikichechemea.

Leo simu imelia nikiwa nakamua. Nimeinuka mbio mpaka nimepiga ndoo teke, maziwa yote chini.

"Sampuli imekubaliwa. Hatari ya matatizo ya uzazi: ndogo. Tafadhali usijibu ujumbe huu."

Nimejibu hivyo hivyo. Nimeandika, "Binti yangu hajambo?"

Ujumbe umekataa kwenda.