Mikono Iliyopata Kazi

Jumatano alasiri, Shamira alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya msikiti wa Bungoma, akikata sukuma wiki za kibanda cha mama yake, mikono yake ilipoanza kulima. Kisu kilidondoka kwenye karai. Vidole vilijikunja vikashika mpini usioonekana, mikono ikapanda hadi usawa wa sikio, ikashuka, ikapanda tena. Redio iliyoning'inia kwenye msumari ilikuwa inarusha kikao cha Bunge, na Waziri wa Ajira alikuwa anasema kwamba vijana wa Bungoma wako kazini, wanachimba barabara ya kwenda Bumula.

Zuena, mama yake, aliokota kisu, akakifuta kwa pindo la leso, akaendelea kukata mwenyewe.

"Sogea huko kidogo," alisema. "Utapiga sufuria."

Waziri alipoketi, mikono ilitulia. Shamira aliigeuza akaiangalia. Malengelenge mapya yalikuwa yametokea chini ya vidole, na kucha zilikuwa zimejaa udongo mwekundu. Alinawa, akamenya vitunguu.

Jambo hilo lilikuwa limeanza mapema mwaka huo wa 2009. Afisa mmoja kutoka Nairobi alikuja kwenye baraza la chifu akauliza, "Nani hapa anataka kazi?" Vijana wakainua mikono. Afisa akapita katikati yao akihesabu mikono, akashukuru, akaingia garini. Hakurudi, wala majembe hayakuletwa. Nasir, mjomba wake Shamira, aliendesha baiskeli kwenda kuitafuta barabara hiyo, akakuta nyasi, na mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi cha mpimaji. Lakini mikono iliyohesabiwa ilikuwa imeshaingia kazini, na kila Waziri alipoitaja Bungeni ilichimba.

Khaemba, kijana wa bodaboda, siku ile aliinua mkono wa kulia peke yake. Sasa kiganja chake cha kulia kilikuwa kigumu kama kwato, na cha kushoto laini kama cha karani. Shamira aliinua yote miwili. Nyanya mmoja aliyeketi nyuma yake alikuwa amemnong'oneza kwamba huku kwetu kitu hupokewa kwa mikono miwili. Mkono mmoja ni dharau.

"Adabu mingi ndiyo imekumaliza," Khaemba alimtania jioni hiyo, akija kuchukua chapati zake. "Mimi hii moja tu, na inarima kuliko ng'ombe ya baba. Sasa wewe na zote mbili?"

"Angalau zangu ziko sawa. Wewe ukipiga makofi unasikika kama mtu anagonga mlango."

Khaemba alicheka, kisha akaacha. "Lakini Ijumaa utafanya aje, bana?"

Ijumaa Shamira alikuwa anatakiwa Kitale. Kampuni moja ya mbegu ilikuwa inatafuta wachambuzi wa mahindi, na cheti chake cha kilimo kilikuwa kimempatia nafasi ya kujaribiwa. Mchambuzi hufumba macho, akazipitisha mbegu kati ya vidole, akahisi tobo la mdudu dumuzi ambalo jicho huliruka. Kwa hiyo vidole ndivyo hutazamwa kwanza. Tangu apate habari hiyo, Shamira alikuwa analala na viganja vilivyopakwa mafuta ya kukamulia ng'ombe na kufungwa kwa vitambaa. Ngozi ilikuwa inaanza kurudi. Lakini Alhamisi Waziri angesimama tena.

Nasir alikuwa ameshamfikia mbunge wao. "Ameniahidi," alisema. "Atamtaka Waziri aondoe hayo maneno. Yakiondolewa, mikono itapumzika."

Alhamisi walikusanyika kibandani. Zuena alizima jiko ili mafuta yasichemke karibu na watu. Khaemba alikuwa ameufunga mkono wake wa kulia kwenye mguu wa benchi kwa mpira wa baiskeli. Shamira aliikalia mikono yake.

Waziri alianza vizuri. Alitetea mpango wake kwa sauti ya mtu aliyekula akashiba, akasema ajira ndiyo heshima ya kijana. Alipofika kwenye barabara ya Bumula, mikono ya Shamira ilichomoka chini yake ikaanza. Benchi la Khaemba likaruka.

"Jambo la nidhamu, Bwana Spika!" Ilikuwa sauti ya mbunge wao. "Mimi natoka huko. Hakuna barabara. Hakuna jembe hata moja. Waziri alete ushahidi, au aondoe maneno yake."

"Ndio huyo!" Nasir alisema, akasimama.

Spika aliafiki. Waziri atoe ushahidi au aondoe maneno. Mikono ya Shamira ilisimama hewani, juu, kama inayosubiri kuambiwa. Redio ilikwaruza. Karatasi zilisikika zikifunuliwa.

"Ondoa," Shamira alisema polepole. "Ondoa tu, baba. Sema ulikosea uketi."

Zuena alimshika bega.

"Bwana Spika," Waziri alisema, "ushahidi ni mikono yao wenyewe. Mheshimiwa akirudi nyumbani aitazame. Nimeambiwa ina malengelenge. Je, mtu asiye na kazi huota malengelenge?"

Bunge lilicheka, kisha likapiga meza. Mbunge wao, aliyekuwa ameshaiona mikono hiyo, aliketi.

"Na nataka kuihakikishia Nyumba hii," Waziri aliendelea, akiwa sasa amepata moto, "kwamba vijana hawa hawatapumzika, usiku wala mchana, mpaka barabara ifike Malakisi."

Aliketi. Mikono haikuketi.

Nasir aliizima redio, haikusaidia. Zuena aliifunga mikono ya bintiye kwa leso mbili, kwa nguvu, lakini chini ya kitambaa iliendelea kupanda na kushuka, na asubuhi ilikuwa bado inachimba.

Shamira alienda Kitale hivyo hivyo. Mwenzake katika jaribio, Jentrix wa Naitiri, ambaye siku ya baraza alikuwa matangani, alimfungulia leso na kumshikia mkoba. Msimamizi, mwanamke mrefu aliyeitwa Chepkorir, aliitazama mikono ikichimba juu ya meza.

"Hiyo iko kazini wapi, msichana wangu?"

"Barabara ya Bumula, madam."

"Ah. Ile ya Waziri."

"Ndiyo. Lakini nikiruhusiwa naweza kutumia shavu."

Chepkorir alifikiri, akazimwaga mbegu mezani. Shamira aliiweka mikono nyuma ya mgongo, ambako ilichimba bila kumsumbua mtu, akainama, akafumba macho. Alizipitia mbegu kwa shavu, polepole, na kila alipohisi tobo aliisukuma mbegu hiyo kando kwa mdomo. Jasho lilimdondoka puani. Jentrix alikuwa ameacha kuzichambua zake. Shamira alipoinuka, Chepkorir aliichunguza mbegu moja moja kwa kidole gumba.

"Umezipata zote," alisema.

"Asante, madam."

"Zote kabisa. Na ningekuchukua." Alizirudisha mbegu kwenye gunia. "Lakini tumeambiwa tuanze na wasio na kazi. Nikikuandika leo, nitaulizwa mbona nimempa mtu mmoja kazi mbili, na wengine wako nyumbani."

"Sijalipwa hata siku moja, madam."

"Sijasema umelipwa. Nimesema uko na kazi." Hakulisema kwa ubaya. Alimfunga leso tena, akazikaza vizuri, akamwita Jentrix mbele.

Jentrix alipata nafasi. Alilia, akamkumbatia Shamira, na mikono ya Shamira ilimpigapiga mgongoni kwa mdundo wa jembe.

Magharibi ilikuwa imeshaswaliwa alipofika nyumbani. Zuena alikuwa ameandaa mkekani.

"Wamesemaje?"

"Wamesema niko na kazi."

Zuena aliinamisha kichwa. Alinawa, akamega ugali, akauchovya kwenye mchuzi. Akamlisha Shamira kwa mkono wake, tonge baada ya tonge, kwa sababu mikono ya binti yake ilikuwa haijatoka kazini.