Sema Kwanza Ndipo Upite

Gari la zahanati lilikuwa likiegeshwa ubavuni mwa soko, kwenye lango dogo la kuingizia mizigo, mkabala na wauza mitumba. Zamani lilikuwa gari la kusambazia mikate, na siku za mvua lilikuwa bado linanuka hamira. Ndani waliweka kitanda chembamba, beseni la kunawia na kabati la bandeji ambalo mlango wake ulifungwa kwa kamba kwa kuwa kitasa kilishakufa. Ubavuni likatobolewa dirisha. Hapo dirishani ndipo alipokaa muuguzi, mwanamke wa makamo, miwani yake imeshikizwa shingoni kwa uzi mweusi. Watu wa foleni walimwita Shangazi, naye akaitika.

Foleni yenyewe ilikuwa ya watu wasio na pa kulala, waliokuwa wakitumia unga wa kulevya na sasa wanahangaika kuuacha. Kila asubuhi walipewa methadoni, dawa ya maji inayozuia arosto, yaani yale mateso ya mwili unaodai unga wake: miayo isiyokwisha, makamasi, jasho la baridi, tumbo kukatika, mifupa kuuma kama inasagwa. Dawa ilinywewa palepale, Shangazi akitazama. Kisha alitia maji kidogo katika kikombe, akakisuuza, na hayo nayo ukayanywa. Halafu ndipo likaja la mwisho: useme neno. Lolote lile. Mwenye dawa shavuni hawezi kusema, na dawa ikitoka kwenye kinywa cha mtu ikaenda kwa mwingine ambaye hakupimiwa, inaweza kumlaza usingizi asiamke tena. Kwa hiyo sheria ya dirishani ilikuwa moja: sema kwanza ndipo upite.

Wengi walisema "asante." Mzee mmoja mbeba magunia alisema "bado chungu" kila siku ya Mungu. Mwanamke mmoja mwenye kanga ya kichwani alimsalimia Shangazi upya, kana kwamba hawakusalimiana muda si mrefu.

Na Redio alisema yote.

Aliitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alikuwa fundi bomba enzi zake, mwembamba, koti kubwa, fimbo ya mpini wa fagio. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na kidonda juu kidogo ya kifundo, hapo alipokuwa akijidunga mpaka mshipa ukagoma. Kidonda hicho ungekifunika kwa kisosi cha chai, lakini kwa tabu. Baada ya dawa, Shangazi alimwingiza garini, akakiosha kwa maji ya chumvi, akakifunga kwa chachi na bandeji. Ila kabla ya kufika huko, ilibidi Redio aseme, na akianza kusema pale dirishani hamalizi.

"Habari za asubuhi wasikilizaji," angeanza, kwa sauti ya kufika mpaka kwenye mitumba. "Leo hali ya hewa ni ya mawingu, na mzee wa magunia ameoga, kwa hiyo tutegemee mvua."

"Wewe Redio, hatukulipia leseni ya kukusikiliza!" foleni ingejibu. "Sogea watu wapone!"

"Mgonjwa haraka, mganga taratibu. Sasa tunaingia kwenye michezo."

Dereva, ambaye pia ndiye aliyepanga foleni, alikuwa akishika kiuno na kuangalia juu. Siku moja ya manyunyu watu wakaanza kusukumana, mmoja akamwagiwa maji, nusura wapigane. Shangazi akachoka. Akamwambia Redio, "Mwanangu, wewe nishakujua. Kunywa upite. Maneno utanipa tukiwa kwenye bandeji."

Basi, ikawa hivyo. Tangu siku ile Redio alikunywa, akainamisha kichwa, akapita. Foleni ikaenda kama maji. Dereva akasema laiti wangefanya hivyo mapema.

Baada ya muda kidonda kikaanza kubadilika. Kingo zikawa nyeusi, usaha ukatoka na harufu ambayo hata hamira haikuweza kuificha. Shangazi akampeleka hospitali kwa daktari wa upasuaji. Daktari akakitazama bila kukunja uso, akabonyeza hapa na pale.

"Mguu huu bado unaokoleka," alisema. "Nitakata nyama iliyokufa na kuziba kwa ngozi ya paja. Lakini alale wodini, atulie. Mara ya mwisho alilazwa hapa akang'oa dripu akatoroka."

"Alishikwa na arosto," Shangazi akasema. "Siku hizi yuko kwenye dawa."

"Nikimwona ametulia, namlaza. Akitoroka tena katikati, ngozi itaoza, na hapo sitashika kisu, nitashika msumeno. Unanielewa, Sista?"

Shangazi alielewa. Akamdhamini Redio kwa neno lake, na wakapewa nafasi ya wiki iliyofuata.

Sasa ajabu yake ni hii. Redio hakutulia. Kila alipopanda garini kufungwa bandeji, pua ilimtiririka, miayo ikafuata miayo, vinyweleo vimemsimama. Shangazi akadhani dawa haimtoshi. Akamwambia daktari anayewapangia methadoni, naye akaongeza kipimo kidogo, halafu kidogo tena. Wapi! Mtu akazidi kutetemeka. Dereva akasema kwa sauti ya chini, "Shangazi, huyu karudi kwenye unga. Na wewe umeshamdhamini."

Shangazi usiku alipokuwa akipanga nguo za kazi, akalitafuta kosa kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Alipitia kipimo, chupa, kikombe, maji ya kusuuza. Mwisho akajiuliza ni lini mara ya mwisho alisikia habari za asubuhi wasikilizaji. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo, na yeye kile kimya alikiagiza mwenyewe.

Asubuhi Redio alifika dirishani, akanywa, akanywa na ya kusuuzia, akainamisha kichwa.

"Sema," Shangazi akasema.

Redio akatikisa kichwa, akaonyesha foleni kwa fimbo, kana kwamba anawahurumia wanaongoja.

"Leo nataka kusikia. Sema."

"Redio imekwisha betri!" akapiga kelele mzee wa magunia, na watu wakacheka. Mashavu ya Redio yalikuwa yamejaa. Macho yake yalimtazama Shangazi, yakaenda pembeni, yakarudi. Shangazi hakuondoa macho. Mwishowe koo lilipanda na kushuka.

"Umeridhika?" Redio akauliza. "Leo kuna mtu atagaragara mpaka jioni kwa ajili yako."

Shangazi akamwachia dirisha mwenzake aliyekuwa ndani akiandika daftari, akamvuta Redio ndani, akamkalisha kitandani. Mfukoni mwa koti alimkuta na kichupa cha dawa ya kikohozi, kikavu, kimeoshwa vizuri.

"Ya nani?"

"Ya shemeji."

"Shemeji gani?"

"Mume wa dada. Tunalala naye nyuma ya ghala la saruji. Mimi ndiye niliyemwonjesha unga, Shangazi, siku tuliyofukuzwa kazi. Sasa mimi ninywe nipone, yeye nimtazame? Nilikuwa nameza nusu, nusu naitema kichupani nyuma ya gari kabla ya bandeji, nampelekea."

"Na tulipokuongezea?"

"Na yeye nikamwongezea."

Shangazi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ulikuwa unamlisha kifo kwa kipimo cha mdomo. Kwa nini haji hapa mwenyewe?"

Redio alielekeza kidevu nje, kwenye mitumba. "Yule anayekunja suruali, mwenye kilemba cha bluu. Ndiye dada yangu, tumbo moja. Shemeji anasema heri afe kuliko mkewe amwone kwenye foleni ya mateja."

Sasa palikuwa na jambo jingine la haraka. Redio alizoea nusu, na leo amemeza kipimo kizima kilichoongezwa. Usingizi ukaanza kumlemea. Shangazi akamtazama mboni, akahesabu pumzi zake, akaweka karibu sindano ya kumzindulia mtu, akamwita Dereva.

"Kaa naye. Asilale. Mwongeleshe."

Dereva akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Redio, fumbua macho. Hebu tupe habari."

"Si mlisema... hamkulipia leseni."

"Leo nalipia mimi. Endelea. Hali ya hewa ikoje?"

"Mawingu," akasema Redio, akainamisha kichwa.

"Mawingu tu? Na michezo? Wewe! Michezo!"

Wakaenda hivyo mpaka jua likasimama juu ya mabati. Foleni ilishakwisha, beseni lilishaoshwa, na Redio ameanza kutukana, jambo ambalo Shangazi alilipokea kama dalili njema. Ndipo akatokea mtu kwenye lango dogo, amejifunika gunia kichwani, anatembea amejikunyata, mkono tumboni. Shemeji alikuwa amengoja kichupa hakiji. Kwanza arosto ilimpiga, halafu hofu: Redio hajawahi kuchelewa. Akadhani amekufa. Akatoka nyuma ya ghala, na njia ya kufika garini ilikuwa moja tu, mbele ya mitumba.

Alipita ameshikilia gunia kwa mikono miwili. Mwenye kilemba cha bluu alikuwa akining'iniza shati. Hakugeuza uso.

"Hilo gunia litakuunguza," alisema. "Jua kali."

Shemeji akasimama.

"Miguu yako niijue, kichwa nisikijue?" mkewe akaendelea, akinyoosha kola. "Nenda, wanakungoja. Na huyo kaka yangu mzima?"

"Sijui. Ndiyo naenda kuangalia."

"Kila asubuhi nilikuwa namsikia anapayuka. Sauti ilipokatika nikajua mguu umemmaliza. Sikuwa na uso wa kwenda kuuliza."

Akaweka shati, akamfuata mumewe nyuma, hatua chache, kama mtu anayekwenda dukani kwa shughuli zake. Kwenye mlango wa gari Redio aliwaona wote wawili.

"Wasikilizaji," alisema, ulimi mzito, "tumepata wageni."

"Nyamaza, mpumbavu wewe," akasema dada yake, kisha akakaa pembeni mwa kitanda, upande wa mguu mzima.

Hakuna mengi ya kusimulia baada ya hapo. Shemeji alipimwa mkojo, akaulizwa maswali, akaanzishwa kipimo kidogo cha kwake mwenyewe. Kipimo cha Redio kikarudishwa chini, na alipomeza chote miayo ikakoma. Shangazi alimweleza daktari wa upasuaji jinsi mambo yalivyokwenda, na kosa la kumnyamazisha akalitaja kuwa ni lake. Daktari akasema, "Sawa, mlete," akaendelea kunawa mikono.

Redio akalazwa. Nyama iliyokufa ilikatwa, na vidole viwili vya mguu huo, vilivyokwisha kufa, navyo vikaenda. Ngozi ya paja ikawekwa. Wauguzi wa wodi walipewa agizo la kumsemesha baada ya kila dozi. Baada ya kumzoea waliomba agizo hilo lifutwe, Shangazi akakataa katakata. Dada yake alimpelekea uji akitoka sokoni, akawa anamgombeza kwa sauti iliyofika kitanda cha mwisho.

Shemeji hakuwa msemaji. Siku ya kwanza alipokunywa dawa dirishani, foleni nzima ikatega masikio. Alisimama na kikombe kitupu, akatazama mitumba, akatazama kikombe.

"Lolote," Shangazi akasema.

"Mguu upo," akasema Shemeji.

Kesho yake akasema hivyohivyo, na kesho kutwa. Ikawa ndiyo taarifa ya habari ya foleni ile. Siku aliyochelewa, mzee wa magunia aligoma kunywa dawa yake mpaka aisikie.

"Basi niambie," alimwambia Shemeji alipofika anahema. "Upo?"

Shemeji akanywa, akanywa na ya kusuuzia.

"Upo."

"Anayefuata," akasema Shangazi.